Kioo cha Juma la Pili

Somo la afya lililosomwa katika redio kwa ajili ya madarasa ya elimu ya watu wazima

  Mwalimu wa darasa, tafadhali hakikisha kila mwanafunzi ana kitabu chake na kalamu. Leo tutasoma barua, tutapanga mambo katika mafungu mawili, na mwisho tutajibu maswali.

Somo la leo linahusu mwili wa mwanamke. Mabwana, msitoke nje. Mna wake, mna dada, mna binti, nanyi pia mna kazi katika somo hili, kama mtakavyosikia.

MANENO YA LEO

Mwalimu, andika maneno haya ubaoni. Wanafunzi, yasomeni pamoja kwa sauti.

Kipandikizi: kitu kilichotengenezwa na watu, ambacho daktari hukitia ndani ya mwili kikae humo.
Mshono: mahali ngozi iliposhonwa kwa uzi baada ya kupasuliwa.
Uvimbe: kujaa kwa mwili mahali palipoumia.
Usaha: maji mazito ya kidonda kilichoingiwa na vijidudu.
Nusukaputi: dawa ya usingizi anayopewa mtu kabla ya kupasuliwa.
Kovu: alama inayobaki kidonda kikishapona.

BARUA

Mwanafunzi mmoja alimletea mwalimu wake barua. Jina lake hatulitaji wala mji wake. Ametupa ruhusa kuisoma, ili wengine wajifunze. Sikilizeni, huku mkifuata kwa kidole.

"Salaam nyingi, Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu. Nauza mitumba sokoni. Baada ya kunyonyesha wanangu, kifua changu kilibaki kitupu, nikawa sijipendi tena. Niliweka akiba miaka minne, nikaenda mjini, nikafanyiwa operesheni ya kuongeza matiti. Leo ni siku ya 12, na kila nikijitazama katika kioo nalia. La kwanza, yamekaa juu mno, kama yanataka kupanda shingoni. La pili, hayalingani. La tatu, ni magumu kama embe bichi. La nne, chuchu ya kushoto imekufa ganzi. La tano, tangu jana titi la kulia lina joto na linazidi kuuma, na usiku nilitetemeka kwa baridi. Nadhani hilo ni kwa sababu nilibeba ndoo ya maji. Mume wangu anajua, lakini yuko safarini. Wengine niliwaambia nimekwenda kumwuguza shangazi. Nimepoteza fedha zangu. Nataka kumwambia daktari ayatoe. Nifanye nini?"

Wewe msomaji, tua hapa. Rudi juu, soma tena yale mambo matano. Mama huyu anasema yote kwa sauti moja, lakini si mambo ya aina moja. Manne kati yake yanaweza kungoja. Moja haliwezi kungoja hata mpaka kesho. Chukua kalamu, weka alama penye hilo moja.

Kama umeweka alama penye jambo la tano, umesoma vizuri. Titi moja lenye joto, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, na kutetemeka kwa baridi usiku: hizo ni dalili kwamba huenda vijidudu vimeingia katika kidonda. Mwalimu wake alitusomea barua hii kwa simu, nasi hatukungoja siku ya kipindi. Tulimwambia mwalimu ampeleke hospitali saa ile ile. Mwisho wa somo nitawaambia kilichotokea.

Lakini tazama alivyoandika. Yale yanayouumiza moyo wake ameyatanguliza. Lile linaloweza kuuondoa uhai wake ameliweka nyuma, tena amelitafutia sababu ndogo, ndoo ya maji. Wengi wetu tungefanya vivyo hivyo. Ndiyo maana somo la leo lina neno moja kubwa: katika majuma ya mwanzo, jifunze kutenganisha lile la kungojea na lile la kukimbilia.

OPERESHENI YENYEWE

Kwanza tujue ni kitu gani kilichofanywa. Daktari mpasuaji humlaza mwanamke kwa nusukaputi. Hupasua ngozi kidogo, mara nyingi chini ya titi, mahali linapokunjamana. Kisha hutengeneza nafasi, na ndani yake hutia kipandikizi. Hicho ni mfuko wenye ganda la silikoni. Ndani yake huwa na maji ya chumvi au silikoni laini kama uji mzito. Kipimo chake huhesabiwa kwa mililita, kwa mfano mililita 250 au 300. Wengine hutiwa mfuko huo nyuma ya titi tu. Wengine hutiwa chini zaidi, nyuma ya msuli wa kifua.

Vipandikizi vya silikoni laini vilianza mwaka 1962 katika mji wa Houston, nchini Marekani. Madaktari Thomas Cronin na Frank Gerow ndio waliomtia mtu kwa mara ya kwanza, mama aitwaye Timmie Jean Lindsey. Yeye alikuwa amekwenda hospitali kwa sababu ya michoro ya wino aliyochorwa kifuani. Tangu siku hizo kazi hiyo imeenea duniani. Siku hizi hufanywa Nairobi na Dar es Salaam pia, na wako wanaosafiri mpaka Uturuki au India kuifanyiwa. Vipandikizi hivyo hivyo hutumika pia kumtengenezea titi mwanamke aliyekatwa lake kwa sababu ya saratani. Kwa hiyo, msiseme haraka kwamba hayo ni mambo ya wenye mali tu. Huenda jirani yako anayo, nawe hujui.

MAMBO YA KUNGOJEA

Sasa tuyachukue yale mambo manne, moja moja.

La kwanza: yamekaa juu mno. Umepata kununua godoro jipya la sufi? Siku ya kwanza limejaa, limevimba katikati, ukilala unateleza. Hulirudishi dukani siku ya pili. Unalilalia, na kidogo kidogo linashuka, linakaa mahali pake. Kifua kilichopasuliwa ni vivyo hivyo. Ngozi ilikuwa na nafasi yake ya zamani, na sasa imevutwa. Msuli umeshtuka na kukaza, nao hukisukuma kipandikizi juu. Tena kuna uvimbe juu ya hayo yote. Kwa hiyo titi hujaa upande wa juu na kuwa bapa upande wa chini. Baada ya majuma kadhaa uvimbe hupungua, msuli hulegea, ngozi hutanuka, na kipandikizi hushuka. Kwa wengi, umbo huanza kukaa vizuri baada ya miezi mitatu hivi. Kwa wengine, hasa waliotiwa nyuma ya msuli, huchukua miezi sita au zaidi. Madaktari wengi husema ungoje mwaka mmoja ndipo uone umbo la mwisho.

La pili: hayalingani. Simama mbele ya kioo, tazama mikono yako, masikio yako, nyayo zako. Je, upande mmoja ni sawa kabisa na wa pili? Hata matiti uliyozaliwa nayo hayakulingana kabisa, ila hukuyapima kila asubuhi. Tena pande mbili za mwili haziponi kwa mwendo mmoja. Upande mmoja huweza kushuka majuma kadhaa kabla ya mwingine. Lakini angalia: tofauti inayopungua polepole ni ya kungojea. Titi moja likivimba ghafula, hilo si la kungojea. Tutalisema baadaye.

La tatu: ni magumu. Uvimbe ndio ugumu. Bonyeza goti lililogongwa jana, utaona. Ugumu huu wa pande zote mbili hulainika kwa majuma na miezi. Wengine husikia mlio ndani ya kifua wanapojigeuza, kama maji katika kibuyu, wakaogopa kwamba mfuko umepasuka. Mara nyingi huo ni upepo na maji kidogo vilivyobaki mahali palipopasuliwa, navyo mwili huvimaliza wenyewe.

La nne: ganzi. Mishipa midogo ya fahamu imevutwa au imeguswa na kisu. Huweza kunyamaza kabisa, au kuwa mikali hata nguo ikigusa inauma. Ikianza kuamka, huchoma kama sindano kwa nukta moja, kisha hutulia. Kwa wengi hisia hurudi baada ya majuma au miezi. Hapa yapasa tuseme kweli: kwa wengine hairudi yote, na hilo daktari alipaswa kulieleza kabla ya kisu.

Kuna malalamiko mengine ambayo mama huyu bado hajayafikia, lakini huja. Uvimbe ukiisha, wengi husema, "Yamepungua, nimeibiwa!" Kipandikizi hakikupungua. Kilichopungua ni maji ya uvimbe. Tena jicho huzoea. Mwanamke aliyeona titi jipya kuwa kubwa mno katika juma la kwanza huweza kuliona dogo katika mwezi wa tatu, na titi ni lile lile.

Kovu nalo huwa na mwendo wake. Mwanzo ni jembamba. Kisha, katika miezi ya kwanza, hunenepa na kubadilika rangi, ndipo mtu hukata tamaa. Baada ya mwaka mmoja au mwaka na nusu, makovu mengi hulainika na kufifia. Lakini sisi wenye ngozi nyeusi hupatwa zaidi na kovu linaloinuka na kuota kupita kidonda chenyewe. Kama sikio lako lilipotobolewa liliota kovu la namna hiyo, mwambie daktari kabla hajakupasua. Na kama umekwisha kupasuliwa nawe unaona kovu linainuka, mwonyeshe mapema, maana ziko dawa za kulizuia.

HUZUNI

Sasa nataka kusema nawe, dada uliye mbele ya kioo, ambaye hukuandika barua.

Unalia, nawe unajiona mpumbavu kwa kulia. Ulilitaka jambo hili mwenyewe, ukalilipia, na sasa huna wa kumlalamikia. Jua kwamba huzuni katika siku za mwanzo baada ya operesheni huwapata wengi. Mwili umejeruhiwa. Nusukaputi na dawa za maumivu huuchosha. Hulali vizuri, kwa sababu hulala chali bila kugeuka. Huwezi kufanya kazi zako. Na kioo kinakuonyesha jeraha, lakini wewe unalisoma kama kwamba ni hukumu.

Fikiri juu ya mfinyanzi. Chungu kikiwa bado kibichi, hakuna mnunuzi anayekipiga kwa kidole kusikia kama kinalia vizuri. Hungojea kikauke, kichomwe, kipoe. Wewe unakipiga chungu kibichi kila asubuhi.

Tena usijilinganishe na picha katika simu. Picha ile huenda ilipigwa baada ya mwaka mmoja, ikachaguliwa katika nyingi, ikarekebishwa. Mwanamke yule alikuwa na kifua kingine, ngozi nyingine, na juma lake la pili hakulipiga picha.

Kwa kawaida huzuni hii hupungua kadiri maumivu yanavyopungua. Lakini kama majuma yanapita nayo inazidi, kama huli, hulali, au wazo la kujidhuru limekujia, usikae nalo peke yako. Mwambie mtu mmoja unayemwamini leo hii, akufuate kwa daktari. Hilo nalo ni jambo la kukimbilia.

MAMBO YA KUKIMBILIA

Mwalimu, andika orodha hii upande wa pili wa ubao. Wanafunzi, iandikeni kwa herufi kubwa. Ukiona hata moja tu kati ya hizi, usingoje siku ya miadi, wala usingoje asubuhi.

1. Titi moja limevimba ghafula kuliko la pili, limekaza, linauma sana. Huenda damu inavuja ndani. Mara nyingi hutokea katika siku za mwanzo, na daktari huweza kulazimika kufungua tena siku ile ile.

2. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, au kutetemeka kwa baridi.

3. Joto, maumivu yanayozidi, usaha, au harufu mbaya penye mshono. Vitabu vingi husema "tazama wekundu". Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani upesi. Basi tumia kiganja. Pima joto la upande huu na upande ule. Tazama kama ngozi imekaza na kung'aa, au imekuwa nyeusi zaidi kuliko jirani yake.

4. Mshono umefumuka, au ngozi au chuchu imebadilika rangi kama inayokufa.

5. Kigimbi cha mguu mmoja kimevimba na kuuma. Au pumzi inakatika ghafula, au kifua kinachoma unapovuta pumzi. Huenda damu imeganda katika mshipa, na donge huweza kwenda mpaka mapafuni na kuua.

Nenda hospitali iliyo karibu nawe, hata kama si ile iliyokupasua. Na ukifika, sema kweli. Usiseme, "Nilianguka tu." Mwuguzi asiyejua kwamba una kipandikizi atatibu kitu kingine, na saa zitapotea. Wazee walisema mficha maradhi kifo humwumbua. Mtu anaweza kukucheka siku moja. Usaha hauchezi.

BEI YA SIRI

Turudi kwenye ile ndoo. Mama yule aliibeba kwa nini? Daktari alimkataza. Lakini nyumbani hakuna aliyejua. Wifi alimwona amerudi mzima kutoka kwa shangazi, basi akamwachia kazi kama kawaida. Angekataaje?

Madaktari wengi humkataza mwanamke kubeba vitu vizito na kuinua mikono juu ya kichwa kwa majuma yapata sita. Daktari wako ndiye atakayekupa hesabu yako. Kwetu sisi maana yake ni hii: usichote maji, usitwange, usibebe kuni, usimbebe mtoto mgongoni wala kifuani, usifue mablanketi. Valia sidiria uliyopewa, lala chali, na maliza dawa zote kama ulivyoelezwa. Hakuna mwanamke wa kwetu anayeweza kuyafanya hayo kwa siri. Kwa hiyo mtu mmoja nyumbani lazima ajue. Mchague kabla ya operesheni, awe mama, au dada, au shoga wa kweli.

Na ninyi mabwana, kazi yenu ndiyo hii. Beba ndoo. Usiseme, "Nilikuambia." Usicheke. Na mkeo akikuuliza, "Yanaonekanaje?" usimjibu kwa hukumu katika juma la pili. Mwambie, "Bado yanapona. Leo maumivu yamepungua au yamezidi?" Swali hilo ni dogo, lakini huweza kuokoa maisha.

KALAMU YAKO

Ninyi mmejifunza kusoma na kuandika. Elimu hiyo haikuletwa kwa ajili ya darasani tu. Hapa itakufaa kwa njia tatu.

Kwanza, daftari. Badala ya kujitazama mara kumi kwa siku, jitazame mara moja kwa juma, siku ile ile, mahali pale pale. Andika mistari mitatu: tarehe, maumivu, na unachokiona. Kama hivi: "Tarehe 3. Maumivu yamepungua. Kulia bado kuko juu." Baada ya miezi mitatu soma tangu mwanzo. Daftari litakuonyesha mwendo ambao kioo hakiwezi kukuonyesha, maana kioo hakikumbuki jana.

Pili, kadi ya kipandikizi. Kila aliyetiwa kipandikizi yapasa apewe kadi yenye jina la kiwanda, aina, ukubwa, na namba. Usitoke hospitali bila kadi hiyo, nawe uihifadhi pamoja na vyeti vya watoto. Mwaka 2010 iligunduliwa kwamba kiwanda kimoja cha Ufaransa kilitumia silikoni isiyoruhusiwa kuingia katika mwili wa mtu, na vipandikizi vyake vilikuwa vimeuzwa katika nchi nyingi. Mwaka 2019 aina moja ya vipandikizi vyenye ganda la kukwaruza iliondolewa sokoni duniani kote, kwa sababu ilihusika na saratani moja ambayo hutokea kwa nadra. Mwenye kadi aliweza kusoma na kujua kama habari hizo zilimhusu. Asiye na kadi alibaki na hofu.

Tatu, maswali. Kabla ya kila miadi, andika maswali yako katika karatasi. Mbele ya daktari mtu husahau. Na jambo usilolipenda mwambie wazi, tangu mapema, hata kama ni la kungojea, ili aliandike katika faili lako. Kungoja si kunyamaza.

UKINGOJA, KISHA BADO HUPENDI?

Mtu ataniuliza, "Mwalimu, nikingoja mwaka mzima, na bado siyapendi?" Swali hili ni la haki.

Subira haiahidi kwamba kila kitu kitakuwa kizuri. Huweza kuwa kipandikizi kimekaa vibaya. Huweza kuwa mwili umejenga utando mgumu kukizunguka, ukakibana. Jambo hilo huja baada ya miezi au hata miaka, na titi hulegea kwanza, kisha hukaza tena. Huweza kuwa ukubwa haukuwa ule mliopatana. Hapo una haki ya kurudi, kuuliza, na kumwona daktari mwingine. Ziko njia: kurekebisha, kubadilisha, au kuondoa kabisa. Lakini isipokuwa kwa hatari, madaktari hawapendi kufungua tena kabla ya miezi sita hivi, maana kushona nguo iliyolowa ni kuiharibu mara mbili.

Na wewe ambaye bado unaweka akiba, nawe sikia. Vipandikizi si vya maisha yote. Kadiri miaka inavyopita, ndivyo inavyoelekea zaidi kwamba utahitaji operesheni nyingine. Yataka vipimo vya kuvichungulia kila baada ya miaka kadhaa. Unapopigwa picha ya eksirei ya matiti, yapasa umwambie mpiga picha. Wengi waliotiwa vipandikizi hunyonyesha, lakini wengine maziwa huwa haba. Basi akiba yako isiishe yote siku ya kisu. Bakiza fedha za kurudi.

MWISHO WA BARUA

Nilisema nitawaambia habari za mama yule. Alifika hospitali jioni ile ile. Aliona haya mlangoni, lakini alisema kweli. Vijidudu vilikuwa vimeingia. Kwa kuwa alifika mapema, dawa zilitosha, naye hakupasuliwa tena. Daktari alimwambia kwamba angengoja siku tatu nne zaidi, huenda kipandikizi kingetolewa, na huenda uhai wenyewe ungekuwa mashakani.

Yuko nyumbani sasa. Wifi amejua, akakasirika siku mbili, kisha akabeba ndoo. Je, mama yule anayapenda matiti yake? Bado hajui. Ameandika katika daftari lake: "Juma la saba. Kulia kumeshuka kidogo. Kushoto bado. Leo sikulia." Ameacha kurasa tupu mpaka mwisho wa mwaka.

MASWALI

Someni maswali haya, mjibu kwa kuandika.

1. Katika mambo matano ya barua, ni lipi lisiloweza kungoja? Toa sababu mbili.
2. Kwa nini titi hukaa juu katika majuma ya mwanzo?
3. Mtu mwenye ngozi nyeusi atajuaje kwamba mshono una vijidudu?
4. Kadi ya kipandikizi huandikwa nini, nayo huhifadhiwa kwa nini?
5. Mama yule alibeba ndoo kwa sababu gani? Ungekuwa wifi yake, ungefanya nini?

KAZI YA NYUMBANI

Gawanya ukurasa katika sehemu mbili. Juu ya sehemu ya kwanza andika LA KUNGOJEA. Juu ya sehemu ya pili andika LA KUKIMBILIA. Jaza kila sehemu kwa maneno yako mwenyewe. Kisha msomee mtu mmoja asiyejua kusoma. Huenda ndiye anayelihitaji.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.